Zeze Pasipo Uta

Katika nyumba moja hapa Nkuhungu, kando ya mji wa Dodoma, umetungikwa ukutani uta mdogo wa mti. Si uta wa mishale. Ni uta wa kupigia zeze. Mwenye nyumba ni mzee wa miaka mingi, na watu wa rika lake wakumbuka kwamba zamani hapakuwa na ngoma ya mavuno iliyofana pasipo yeye. Tulipokwenda kumwamkia tuliuona uta ule, tukamwuliza, “Babu, na zeze lenyewe liko wapi?” Akacheka, akajibu, “Mwalimu, zeze limekwenda Ulaya. Uta ulikataa safari.”

Kisha akatusimulia habari yenyewe. Alikuja mchuuzi kutoka mbali, anunuaye vitu vya kale: vigoda, vibuyu vilivyotiwa nakshi, bakora, mitungi, na kila kitu chenye alama ya mikono ya zamani. Akaliona zeze, akaligeuza huku na huku, akausifu mpini wake jinsi ulivyong’aa kwa kushikwa miaka mingi. Akatoa shilingi elfu thelathini, akaondoka nalo. Uta hakuutwaa, kwa kuwa machoni pake ulikuwa kijiti kilichofungwa uzi. Hakuuliza zeze lilichongwa na nani, wala lilipigwa siku zipi, wala ni mti gani. Popote lilipo leo, ikiwa katika nyumba ya makumbusho au sebuleni kwa tajiri, limekuwa zeze lisiloweza kusema.

Twapenda kuipima kazi hii ya kukusanya sanaa ya kale ya watu wa kawaida. Hatutaki kuilaani kazi yote, maana imo heri ndani yake. Wala hatutaki kuisifu yote, maana imo aibu pia. Yatupasa kujua kuzitenga hizo mbili, kwa kuwa yule mchuuzi atarudi, na safari ijayo labda atabisha hodi mlangoni kwako wewe usomaye.

Kazi ikipimwa, yafaa ipimwe kwa mfano wake ulio bora, si kwa mfano wa wezi. Basi na tutazame mkusanyo mkubwa kuliko yote tuijuayo ya namna hii. Uko Santa Fe, katika Marekani, ndani ya nyumba ya makumbusho ya sanaa ya watu wa mataifa yote, iliyofunguliwa mwaka 1953. Mwaka 1978 fundi mmoja mwenye sifa, Alexander Girard, aliyekuwa mchoraji wa majumba na wa nguo, aliitolea nyumba hiyo vitu zaidi ya 100,000 ambavyo yeye na mkewe walikuwa wamevikusanya kutoka nchi zaidi ya 100. Mwaka 1982 vipatavyo 10,000 kati ya hivyo vikapangwa katika ukumbi mmoja, naye mwenyewe ndiye aliyeupanga.

Tumeziangalia picha za ukumbi ule pamoja na vijana wetu, nao hawakutaka kitabu kifungwe. Wamo wanasesere wa matambara, wanyama wa udongo, vinyago, nguo za kudarizi, vyungu, na miji midogo mizima yenye soko, kanisa na watu wanaobebana. Zimo sanamu za kuzaliwa kwake Kristo zilizofinyangwa na mataifa mengi, na kila taifa limemvika Mariamu nguo za mama zao. Hapa twaona wema wa kwanza wa kazi ya Girard: hakutafuta vitu vya wafalme. Alikiona kidoli alichofinyangiwa mtoto na mama yake kuwa kinastahili mahali pa heshima. Wangapi kati yetu, tuliolelewa na mama hao wenyewe, tumepata kuona hivyo? Twavunja chungu cha bibi, twakwenda kununua ndoo ya plastiki, wala hatugeuki nyuma.

Wema wa pili ni mpango wake. Hakutenga taifa kubwa na taifa dogo, wala waliostaarabika na wasiostaarabika, kama yalivyofanya majumba mengi ya zamani. Kitu cha Meksiko chakaa karibu na cha Uhindi, na cha Poland karibu na cha Afrika, kama majirani waliokutana kisimani. Girard alipenda mithali ya Kiitalia isemayo kwamba dunia nzima ni mji mmoja wa nyumbani. Neno hilo ni jema, nasi twalipokea.

Lakini papo hapo ndipo lilipo kosa tulionalo. Katika ukumbi ule hakuna maandiko kando ya vitu. Girard alitaka jicho lione kwanza, lisizuiliwe na maneno. Mgeni atakaye habari hushika kitabu chenye namba, akatafute. Sisi walimu twaifahamu sababu yake, maana mtoto akiambiwa mapema mno maana ya picha, haitazami tena. Walakini, kama dunia ni mji mmoja wa nyumbani, basi kanuni ya nyumbani ni ipi? Mgeni akifika Nkuhungu huamkiwa “Mbukwa,” naye huitikia. Kisha huulizwa atokako, na ni mtoto wa nani, na wa ukoo upi. Hapo ndipo huwa mtu wa hapa. Asiyeulizwa jina ni mpita njia tu, hata akipewa kiti na maji. Ukumbi wenye wakazi elfu kumi wasiotajwa majina si mji wa nyumbani. Ni soko zuri la siku moja, ambamo watu hutazamana wasijuane.

Labda msomaji atauliza, “Jina lina faida gani kwa mti au udongo?” Tumjibu kwa habari ya pwani ya Kenya. Wamijikenda huchonga vigango, yaani nguzo ndefu za mti zenye kichwa na nakshi, kuwa ukumbusho wa wazee waliokuwa wa chama cha Gohu. Kigango si pambo. Husimamishwa kwa ajili ya marehemu, na kikiisha kusimamishwa hakihamishwi ovyo, bali huachwa mahali pake hata mchwa wakimalize. Ndugu wa marehemu huamini kwamba kukiondoa ni kuwaletea msiba walio hai. Walakini katika miaka ya nyuma vigango vingi viliibwa usiku, vikauzwa, vikafika majumba ya makumbusho na nyumba za watu katika Marekani, vikisifiwa kwa uzuri wa mistari yake.

Mwaka 1985 mtaalamu wa mila, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akisimama karibu na vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa vyote viwili. Miaka mingi baadaye, katika mkutano wa wataalamu, akaona picha ya kigango kilichokuwa katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, akakitambua kuwa ni kimoja cha vile. Mwaka 2007 kikarudishwa Kenya kwa jamaa yake. Tazama, msomaji: yako majumba yaliyokuwa na vigango vingi, lakini hakikuweza kurudi nyumbani ila kile ambacho mtu alijua ni cha nani. Jina ndilo lililokuwa kamba ya kukivutia nyumbani. Mwaka 2014 jumba jingine, la Denver, liliamua kurudisha vigango 30 lilivyokuwa navyo, navyo vikafika Kenya mwaka 2019. Tendo hilo lastahili sifa. Lakini ni vigumu kuambia kigango kisicho na jina kiende kwa jamaa gani, na kisimame mbele ya nyumba ipi.

Hata hapa Tanzania tunayo habari kama hiyo. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakachukua vitu kadha wa kadha, na kimoja kilikuwa barakoa ya Wamakonde. Baadaye ikaonekana katika jumba la Barbier-Mueller, Geneva, ambalo lilikuwa limeinunua. Majadiliano yakachukua miaka mingi, hata mwezi wa Mei mwaka 2010 ikarudishwa kwa Tanzania. Barakoa hii ilikuwa na bahati: ilikwisha kuwa mali ya jumba la serikali kabla ya kuibwa, nayo serikali ilikuwa na kinywa cha kuidai. Zeze la mzee wetu halikuandikwa popote. Likionekana kesho mjini Paris, nani atasimama aseme, “Hili nalijua”?

Hapo wengine watasema, “Basi dawa ni maandiko, na tuandike vibao.” Twasema, polepole. Maandiko nayo yana namna zake. Wakati wa utawala wa Wajerumani vitu vyetu vilikusanywa kwa amri. Mwaka 1889 baraza la serikali yao liliagiza kwamba vitu vya namna hii vilivyokusanywa na watumishi wa serikali katika makoloni vipelekwe kwanza kwenye jumba la Berlin. Vilikwenda kwa maelfu, navyo havikukosa vibao. Lakini kibao kwa kawaida kilitaja jina la ofisa aliyekituma, na jina la kabila. Fundi hakutajwa. Mwaka 1911 Heinrich Claus, aliyekuwa daktari wa jeshi, alitoa kwa Kijerumani kitabu kizima juu ya Wagogo, na kila apendaye habari zetu atakipata humo kilimo, nyumba na vyombo. Twamshukuru kwa bidii yake. Walakini kusema “kigoda cha Mgogo” ni kama kusema “barua ya Mwingereza.” Mgogo yupi? Kigoda hakichongwi na kabila. Huchongwa na mtu mmoja, mwenye shoka lake na tezo yake, aliyechagua mti wake asubuhi moja, na labda akaufanya mguu mmoja kuwa mnene kwa sababu aliyemchongea alikuwa mtu mzito.

Wakusanyaji hujitetea wakisema kwamba mafundi wa kale hawajulikani. Neno hilo twalikataa. Siku ile kitu kiliponunuliwa mara ya kwanza, alikuwapo mtu aliyejua. Alisimama mlangoni akipokea fedha. Fundi hakuwa hajulikani. Hakuulizwa tu, na baada ya miaka mia kutouliza kukaitwa kutojulikana.

Liko na jambo la tatu, gumu kuliko hayo. Hans Cory, aliyetumikia serikali ya Tanganyika miaka mingi, alikusanya sanamu za udongo zilizotumiwa kufundishia vijana katika jando na unyago, na mwaka 1956 akatoa kitabu juu yake. Huyu hakufanya kosa la yule mchuuzi. Aliuandika na wimbo ulioimbwa pamoja na sanamu na fundisho lake. Yaani alitwaa zeze pamoja na uta. Twamsifu kwa hayo. Lakini mafundisho yale yalikuwa siri, na sanamu nyingi zilifinyangwa zitumiwe siku zile, kisha ziharibiwe. Basi twajifunza kwamba haitoshi kuuliza jina na kazi. Yatupasa kuuliza pia kama mwenyewe ataka kitu chake kikae na kuonekana. Yako mambo ambayo heshima yake ni kuachwa yaoze, kama vile kigango chini ya mti wake.

Kwa hiyo twaweka mizani yenye mawe matatu: jina la aliyefanya, kazi ya kitu, na idhini ya mwenyewe. Ukipima kwa mizani hiyo, mkusanyo wa Girard una uzuri wa kupita kiasi na una upendo, lakini ni mwepisi kwa majina. Majumba ya zamani ya Ulaya yana maandiko mengi, lakini ni mepesi kwa idhini. Na mchuuzi wa Nkuhungu hana jiwe hata moja. Ana fedha tu.

Lakini je, sisi wenyewe tukipandishwa katika mizani hiyo tutakuwaje? Tusiwalaumu wageni peke yao. Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na hasa serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, viwanja vilipimwa, na mahali pa tembe pakasimama nyumba za matofali na bati. Hatulii kwa sababu hiyo. Tembe ilivuja, na mama zetu walipaka udongo juu ya dari kila mwaka. Lakini tembe ilipobomolewa, vyombo vilivyokuwa ndani vilikwenda wapi? Kilindo cha kuwekea nafaka kilikuwa kuni. Kibuyu kilikuwa mchezo wa watoto, kisha taka. Wako na waliofundishwa kwamba kila chombo cha babu ni cha giza, wakavichoma vyote pamoja, chombo cha mganga na kigoda cha kukalia bibi, pasipo kutofautisha. Mchuuzi alinunua kilichosalia baada ya mikono yetu. Yeye alitoa shilingi elfu thelathini kwa zeze. Sisi, kwa muda wa miaka ishirini, hatukutoa hata saa moja ya kumsikiliza mwenye zeze.

Wako waliofanya vema, na yafaa tuwataje. Mathias Mnyampala, mwenyeji wa Ihumwa katika nchi yetu hii, aliyezaliwa mwaka 1917, hakukusanya vigoda wala mitungi. Alikusanya habari kwa wazee, akaziandika kwa Kiswahili katika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotolewa mwaka 1954. Mtu aweza kubishana na kitabu hicho mahali mahali, maana kila mzee husifu ukoo wake. Lakini kitabu hicho kimejaa majina. Ni ghala ambayo kila mwenye kusoma aweza kuifungua. Naye Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, aliihifadhi ilimba kwa njia nyingine iliyo bora kuliko zote: aliwafundisha watoto. Alifundisha Bagamoyo, akapiga mbele ya mataifa, na mwaka 2024 binti yake na mjukuu wake walitoa santuri yao wenyewe. Ilimba iliyoko kifuani mwa mjukuu hainunuliki na mchuuzi.

Basi tufanye nini, sisi tusio na jumba la makumbusho wala fedha za kujengea? Twatoa shauri dogo. Kila shule na iwe na daftari moja. Kijana akiona nyumbani kwao chombo cha zamani, asikilete shuleni, wala asikiombe. Aandike tu: Kimefanywa na nani? Kwa mti gani au udongo wa wapi? Kilitumiwa kwa nini, na kwa maneno au nyimbo zipi? Mwenyewe ataka habari zake zijulikane? Kama mwenyewe asema hapana, kijana afunge daftari na kushukuru. Daftari la senti chache litakuwa na kitu ambacho nyumba kubwa za Berlin na Marekani zinakitafuta leo kwa gharama nyingi wala hazikipati.

Tena, hatusemi kwamba mtu asiuze. Mzee wetu aliuza zeze ili mjukuu wake anunuliwe sare na vitabu, na asiyejua shida ya mwenzake asifanye haraka kumhukumu. Mwenye mali ana haki ya mali yake. Twasema tu kwamba auzaye na aseme jina kwa sauti, hata kama mnunuzi hakuuliza, na amwambie aandike. Mnunuzi wa haki atafurahi, kwa kuwa kitu chenye habari kina thamani kuliko kitu bubu. Mnunuzi akikataa kuandika, hiyo yenyewe ni habari juu yake.

Kabla hatujaagana na mzee siku ile, tulimwuliza neno moja tulilokuwa tunaliona haya. Tukasema, “Babu, mbona hukumwambia mchuuzi kwamba zeze halilii pasipo uta?” Akautazama ukutani, akakaa kimya kidogo. “Ningalimpa bure,” akasema. “Nilingoja aniulize.”

Kisha akatuambia kwamba zeze lile alilichonga kaka yake mkubwa, akamtaja jina, na jina la mti, na mwaka wa njaa ambao kwa ajili yake walikwenda kuukata mti huo mbali. Tulikuwa na kalamu, lakini hatukuwa na karatasi ila mgongo wa bahasha. Tukaandika hapo. Bahasha hiyo sasa imebandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari la shule yetu, na kurasa zilizo baada yake zangoja.